Tangi lita 60, chujio lita 400 kwa saa, maji maangavu: mbona samaki wa dhahabu wanatweta juu kila asubuhi?

#1 Pezi Refu
Habari wakuu. Nina samaki wa dhahabu wawili. Mmoja ni wa kawaida, mwembamba, mkia mmoja, sentimita 11 bila kuhesabu mkia. Wa pili ni Oranda, ile aina nene ya mwili wa mviringo, kile kilemba cha kichwani ndiyo kwanza kinaota. Tangi ni 60 kwa 30 kwa 35. Chujio ni la kuning'inia nyuma ya kioo, boksi limeandikwa lita 400 kwa saa. Maji ni maangavu, ukiweka karatasi yenye maandishi upande wa pili unaisoma bila shida.

Hii ni wiki ya tatu, kila nikiamka nawakuta wamesimama juu, vinywa nje ya maji, wanatweta. Ikifika saa nne asubuhi wametulia. Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu: badilisha tangi, badilisha chujio, punguza chakula. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijawapoteza. Nimewapenda hawa viumbe kuliko nilivyotarajia.

#2 Kidole Kimoja
Tangi ni dogo mkuu. Na hizo lita 60 ni za kwenye rula tu. Hujajaza mpaka ukingoni, na chini nadhani una changarawe. Toa sentimita nne za juu, toa changarawe, unabaki na 50 na kidogo. Kipimo ninachokishika mimi ni lita 75 kwa samaki mnene wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezeka. Huyo wa mkia mmoja hata simhesabu humo. Anaweza kufika sentimita 30, anataka bwawa au tangi la kukimbilia.

#3 Nyuki71
Mimi nasema siyo tangi. Nimelea watatu kwenye lita 60 kwa miaka minne, sikuzika hata mmoja. Nilikuwa natoa nusu ya maji kila siku ya tatu, bila kukosa, hata nikiwa mgonjwa. Tangi dogo linataka mikono mingi, basi. Mleta uzi tuambie, maji unabadilisha mara ngapi?

#4 Fundi Vioo
Wote mnahesabu lita. Naunganisha vioo vya matangi kwa mikono yangu na nawaambia lita peke yake inadanganya. Oksijeni inaingia kupitia uso wa maji. Tangi lako lina uso wa 60 kwa 30, yaani sentimita za mraba 1,800. Ukiliinua liwe na kimo cha 70, lita zinakuwa mara mbili lakini uso unabaki uleule 1,800. Watu wananiletea michoro ya matangi marefu membamba kwa sababu yanapendeza ukutani, na kila mara nawauliza ni samaki gani anakwenda kukaa humo. Akisema samaki wa dhahabu, nachora upya: kimo kishuke, upana uongezeke. Samaki huyu anahitaji hewa nyingi kuliko umbo lake linavyoonyesha.

#5 Tamvua
Mleta uzi, umesema maji ni maangavu. Wengi tunapotea hapo hapo. Amonia haina rangi. Unaweza kuwa na maji ya kusomea maandishi na bado yanamchoma samaki matamvua.

Samaki hatoi uchafu kwa kinyesi tu. Sehemu kubwa ya amonia inatoka kwenye matamvua yenyewe, anavyopumua ndivyo anavyoitoa. Chujio haliinyonyi amonia hiyo ikapotea. Ndani ya sponji wanakaa bakteria, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ndiyo unayoitoa unapobadilisha maji. Kwa hiyo usininunulie chujio jipya kabla hujapima. Lete namba nne: amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha uchachu wa maji).

#6 Mama Wawili
Nakubaliana na #5, ila kwanza hakikisha kwamba wanatweta kweli. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama sisi, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo muda wote anatafuta. Akikuona anapanda juu kuomba. Wangu nikipita tu na kikombe mkononi wanafungua vinywa.

Fanya hivi: amka alfajiri, usiwashe taa ya chumbani, nyata na tochi ukiielekeza pembeni. Ukiwakuta juu kabla hawajakuona, hiyo siyo njaa.

#7 Pezi Refu
Asanteni. Nimenyata leo saa kumi na moja alfajiri. Walikuwa juu, wote wawili, pembeni pale chujio linapomwagia. Hawakuwa wananiangalia mimi.

Nimepata chupa za matone za kupimia. Nimekaa dirishani na kile kibomba cha kioo kama dakika kumi nikilinganisha rangi, maana kijani kimoja na kingine vinafanana sana. Amonia 0.5. Nitriti 0.25. Nitrati 80. pH 8. @Nyuki71, nabadilisha robo ya maji kila Jumamosi.

#8 Tamvua
Basi umeshanijibu. Kwenye chujio lililokomaa, amonia na nitriti zote zinatakiwa zisome sifuri. Chujio lako halifanyi kazi, au lilifanya kazi zamani na sasa limekatika.

Na usiidharau hiyo 0.5 kwa sababu ni ndogo. Matone yanapima amonia yote kwa pamoja, ile kali na ile isiyo kali. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, ile kali haifiki hata asilimia 1. Ukipanda mpaka pH 8, inakuwa karibu asilimia 5. Mwenzako mwenye pH 7 akisoma 0.5 anaweza kulala. Wewe usilale. Na nitriti inaharibu damu isibebe oksijeni, samaki anatweta hata kama oksijeni ipo tele majini.

Swali: kuna kitu umebadilisha mwezi huu? Sponji? Dawa?

#9 Pezi Refu
Sponji, ndiyo. Kama wiki nne zilizopita lilikuwa jeusi, linanuka udongo. Nililitupa nikaweka jipya. Maelekezo ya boksi yanasema libadilishwe kila mwezi. Nilidhani nimechelewa.

#10 Tamvua
Hilo jeusi lenye harufu ya udongo ndilo lilikuwa chujio lako. Umetupa bakteria wote ukaanza upya, na kundi jipya linachukua wiki nne mpaka sita kusimama. Sponji halitupwi mpaka linapoanza kumeguka. Unalikamua kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, mara mbili tatu, unalirudisha likiwa bado la kahawia. Siyo chini ya bomba, klorini inawaua.

#11 Nyuki71
Hapo namuunga mkono Tamvua kwa asilimia zote. Niliwahi kuosha sponji kwa maji ya bomba mpaka likarudi rangi ya dukani, nikajisifu. Siku ya nne maji yakawa kama maziwa.

#12 Kidole Kimoja
Sawa, sponji. Lakini tangi lingekuwa na lita 150, kosa hilo hilo la sponji lisingefika 0.5. Kiasi kile kile cha amonia kinagawanywa kwa mara tatu ya maji. Lita nyingi zinakununulia siku za kugundua kosa lako. Ndiyo maana siachi kusema tangi.

Na hiyo lita 400 kwa saa naomba uipime. Namba ya boksi ni ya pampu tupu, bila sponji, bila uchafu. Weka jagi la lita moja chini ya pale linapomwagia, hesabu sekunde, halafu 3,600 gawa kwa sekunde hizo.

#13 Pezi Refu
Sekunde 24. Nimerudia mara tatu. Kwa hiyo 150?

#14 Kidole Kimoja
150. Kwa maji yako ya lita 50 ni mzunguko mara tatu kwa saa. Wafugaji wengi wa samaki hawa wanataka mara sita mpaka kumi. Boksi lilikuahidi nane.

#15 Mwanamaji Mkongwe
Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Hii habari ya mara kumi kwa saa inasemwa kama sheria na siyo sheria. Maji kuzunguka haraka hakumsaidii chochote bakteria ambaye hayupo. Nimeendesha tangi la lita 200 kwa sponji mbili za kuvutwa na pampu ya hewa, hakuna anayeweza hata kupima mzunguko wake, na amonia ilikaa sifuri miaka sita. Kinachofanya kazi ni ukubwa wa mahali pa bakteria kukaa.

Halafu muangalie huyo Oranda. Mwili mpira, mapezi marefu, haogelei vizuri. Ukimwekea mkondo wa mara kumi kwenye sanduku la sentimita 60 atapigana na maji mchana na usiku. Nimeona mmoja akisukumwa kwenye kona mpaka mapezi yakachanika.

#16 Kidole Kimoja
@Mwanamaji Mkongwe mkondo unaweza kuvunjwa nguvu. Elekeza tundu kwenye kioo, au weka sponji pale maji yanapotokea. Mzunguko mdogo unaacha kinyesi kimelala chini kinaoza, na kikioza ni amonia tena.

#17 Mwanamaji Mkongwe
Kinyesi kinaondolewa kwa bomba la kunyonyea siku ya kubadilisha maji. Kikinaswa na chujio bado kimo ndani ya maji yaleyale, kimehama chumba tu.

#18 Sajini wa Kanuni
Kuna mtu kaniandikia pembeni kwamba kipimo cha #2 kinatoka kwenye galoni 20 na ni lita 90, siyo 75. Niweke sawa hapa wote waone: galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Galoni 20 za Marekani ni karibu lita 75, za Uingereza karibu 91. Maandishi mengi ya samaki hayasemi ni galoni ipi. Ukinakili, nakili lita.

#19 Kidole Kimoja
Asante Sajini. Kumbe na mimi niliichukua bila kuuliza.

#20 Pezi Refu
Kwa kuwa mnaulizana kila kitu, kuna jambo sikuliandika mwanzo, sikudhani lina uzito. Usiku nazima chujio. Liko chumba anacholala mtoto na linakwaruza. Nazima saa nne usiku nawasha saa moja asubuhi.

#21 Fundi Vioo
Mkuu! Kurasa mbili tumehangaika na matone na majagi.

Ile maporomoko ya chujio ndiyo inayokoroga uso wa maji. Ukizima, uso unalala kama kioo. Samaki wawili wakubwa, saa tisa nzima, maji kidogo. Asubuhi oksijeni imefika chini kabisa. Unawasha, mpaka saa nne imerudi, wanatulia. Saa zako zinajieleza zenyewe. Kama una mimea humo ni zaidi, gizani nayo inavuta oksijeni.

#22 Tamvua
Bakteria nao wanahitaji oksijeni. Chujio likizimwa kwa muda wa saa tisa wanakosa hewa ndani ya boksi, asubuhi unawasha wakiwa dhaifu. Kwa hiyo sababu ile ile inarudi kwenye amonia.

#23 Pezi Refu
Lakini wakuu, nazima hivyo tangu mwaka jana. Kutweta kumeanza wiki tatu tu. Mimea sina.

#24 Fundi Vioo
Mwaka jana walikuwa na sentimita ngapi?

#25 Pezi Refu
Nne. Labda tano.

#26 Fundi Vioo
Samaki wa sentimita 11 siyo mara mbili ya samaki wa sentimita tano na nusu. Amerefuka mara mbili, amepanuka mara mbili, amenenepa mara mbili. Uzito ni karibu mara nane. Una samaki kumi na sita wa mwaka jana ndani ya tangi lile lile.

#27 Mama Wawili
Na joto je? Nyuzi 20 maji yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, nyuzi 30 yanashika 7 na nusu, na samaki mwenyewe kwenye joto anavuta hewa zaidi. Kama wiki tatu hizi chumba kimepata joto, hilo nalo lihesabiwe. Pezi Refu una kipimajoto?

#28 Pezi Refu
Sina. Kuna joto kweli siku hizi.

#29 Kocha wa Mapezi
Samahani naingia katikati. Mimi niliambiwa samaki wa dhahabu hukua kulingana na tangi lake, kwamba ukimweka padogo anabaki mdogo na anaishi vizuri. Wangu yuko kwenye bakuli miaka mitatu, ana sentimita sita. Hatweti. Mbona wa Pezi Refu wameota mpaka 11?

#30 Tamvua
Kubaki mdogo siyo kuishi vizuri. Amedumaa. Nitrati imepanda na haishuki, mwili unaacha kukua.

#31 Mwanamaji Mkongwe
Tamvua, hilo la nitrati ni maelezo mojawapo. Kuna wanaosema samaki hutoa kemikali inayozuia kukua, ikijikusanya kwenye maji machache inawazuia wenyewe. Mimi nimeona zaidi mambo ya chakula, mwenye bakuli analisha punje mbili tatu kwa kuogopa kuchafua maji. Na kuna waliozaliwa wadogo tu, nimelea ndugu wa siku moja, tangi moja, mmoja akafika 18 mwingine 9.

#32 Nyuki71
Yule Tish, samaki wa dhahabu wa Uingereza aliyeingia kwenye kumbukumbu za rekodi, alipatikana kama zawadi kwenye michezo ya maonyesho mwaka 1956 akafa 1999. Miaka 43. Hakuwa bwawani.

#33 Mama Wawili
Mmoja, Nyuki. Anajulikana dunia nzima kwa sababu wenzake hawafiki. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli ya mviringo mwaka 2005, nadhani hawakuamka tu asubuhi wakaamua. @Kocha wa Mapezi, bakuli limebana juu, uso wa maji ni mdogo, na chujio halina pa kukaa. Kama unaweza, mtafutie hata beseni pana la plastiki. Halipendezi, lakini yeye hajali kupendeza.

#34 Kocha wa Mapezi
Nimesikia. Beseni la lita 80 lipo, tulikuwa tunafulia. Nitalisugua bila sabuni.

#35 Sajini wa Kanuni
Turudi kwa mleta uzi. Hawa samaki wana ujanja mmoja, kwenye maji baridi yasiyo na oksijeni wanaweza kutengeneza alkoholi mwilini na kuitoa kwa matamvua, ndivyo wanavyovuka majira ya baridi chini ya barafu. Ila kwenye joto ujanja huo haumbebi mbali. Kwa hiyo mtu asiseme "hawa ni wagumu".

#36 Mama Wawili
Pezi Refu, kwa leo usiku: usizime chujio. Kule kukwaruza mara nyingi ni ile feni ndogo yenye sumaku ndani ya pampu, au maji yamepungua yanaanguka kwa mbali. Ifungue, utakuta ute umezunguka kijiti cha katikati. Futa kwa mswaki mkavu, jaza maji mpaka yaguse mdomo wa chujio. Mtoto atalala. Na toa nusu ya maji leo, nusu nyingine keshokutwa, na maji mapya uyaweke dawa ya kuondoa klorini kabla hujamimina.

#37 Pezi Refu
Nimefungua pampu. Kulikuwa na uzi wa nywele umejizungusha kwenye kijiti na ute mweusi. Limenyamaza. Nimesogeza sikio mpaka karibu na kioo sisikii kitu zaidi ya maji.

#38 Pezi Refu
Wakuu narudi baada ya siku 19. Nimepata tangi la 100 kwa 50 kwa 45, Fundi Vioo alinisaidia vipimo kwa ujumbe. Nimehamisha chujio la zamani na sponji lake bila kuliosha, nikaongeza sponji kubwa ya pampu ya hewa. Sizimi usiku. Changarawe nimetoa, chini ni kioo kitupu. Nalisha kidogo mara mbili. Amonia 0, nitriti 0, nitrati 20.

Leo saa kumi na moja nilinyata tena na tochi. Walikuwa wamelala chini, wamekaribiana, mapezi yamekunjwa. Nilisimama pale muda mrefu.

#39 Kidole Kimoja
Hongera sana. Lita 200 na ushee. Nilisema tangi.

#40 Tamvua
Amonia sifuri, Kidole. Soma namba.

#41 Fundi Vioo
Uso wa maji umetoka 1,800 kwenda 5,000. Nami nasoma namba.

#42 Mwanamaji Mkongwe
Amebadilisha tangi, hewa, sponji, chakula na usiku kwa mpigo mmoja. Hakuna anayeweza kujua lipi lilikuwa lipi. Njia pekee ni azime tena usiku mmoja tuone.

#43 Pezi Refu
Hapana mzee wangu, hilo sitalifanya.

Ila nina swali. Yule Oranda ametokea doa jeusi kwenye mgongo na kingo za pezi la mkia. Halikuwepo. Anakula, anazunguka vizuri.

#44 Tamvua
Anapona. Ngozi iliyochomwa na amonia ikianza kufunga huwa nyeusi. Litaondoka taratibu.

#45 Nyuki71
Au anabadilika rangi tu, wengi wanageuka wakikua. Wangu alianza mweusi akaishia mweupe.

#46 Mama Wawili
Weka picha mbili, ya leo na ya baada ya wiki mbili, pembe ileile na mwanga uleule.